Prosesa ya Mpima Ardhi

Nyumba ile ilikuwa nyumba ya mapazia. Yalining'inia madirishani, mlangoni, hata kwenye kamba iliyokatisha sebule toka ukuta mmoja hadi wa pili, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa mshona mapazia na hakuwa na karakana nyingine zaidi ya sebule yake. Upepo wa alasiri ulipoingia, vitambaa vilifura taratibu vikawa kama mawingu, vikatulia, kisha vikafura tena. Katikati ya mawingu hayo, kwenye kiti cha magurudumu, aliketi mumewe akiyatazama kwa macho ya mtu aliye safarini.

Watu walimwita Mpima. Kwa miaka mingi alikuwa mpima ardhi, mtu wa kupanda vilima na darubini begani, akiweka mipaka na kuchora njia za barabara ambazo hazijazaliwa. Siku moja mlimani, ardhi aliyoipima maisha yake yote ilimponyoka chini ya nyayo. Aliporomoka na mawe, akaumia uti wa mgongo, na tangu siku hiyo miguu yake ikawa mzigo anaoubeba badala ya kumbeba. Kazini walimlipa kiinua mgongo. Mwenyewe alizoea kutania kwamba hakuwahi kuona kiinua mgongo kilichoshindwa kazi yake kama kile. Wageni walicheka. Mkewe hakucheka hata mara moja.

Aliyekuwa naye siku ile ni shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kumshikia fito za kupimia. Huyo ndiye aliyembeba mgongoni katikati ya ukungu mzito, akashuka naye mlima mzima mpaka barabarani. Sifa zake zilienea kila mahali. Mpima naye alimshukuru mbele za watu, lakini moyoni kulibaki kitu kama mwiba wa samaki uliokwama kooni. Kila alipoyaona mabega yale mapana alikumbuka alivyoning'inia juu yake kama gunia. Basi shemeji alipokuja kuwatembelea, Mpima alimwuliza habari za kazini, akaitikia kwa adabu, kisha akageuza uso akatazama mapazia. Mkewe alipomwuliza kulikoni, alimjibu kwa maneno machache tu: "Nilibebwa mara moja. Yatosha."

Ndoto ilimjia mchana, katika usingizi mwepesi wa baada ya chakula. Alikiona kiti chake kikibanduka sakafuni bila kishindo, kikapenya katikati ya mapazia na kutokea dirishani. Chini yake vilima vilijinyoosha kama wanyama waliolala ubavu, na mito iling'aa katikati yao kama uzi wa fedha uliodondoka kwenye zulia. Hakuwa na haraka wala hofu. Alipoamka hakumsimulia mtu.

Jumapili moja shemeji alikuja na simu yake, akamwonyesha picha za gemu ya kurusha ndege. Katika gemu hiyo dunia ilichorwa kama ilivyo, milima kwa mito yake, na mchezaji aliketi kwenye usukani akaenda atakako. Mtu mmoja alikuwa amerekodi safari yake, na kwa bahati alipita juu ya safu ile ile ya milima waliyokuwa wakiipima. Mpima aliipokea simu, akaitazama, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Hakuitoa mkononi mpaka ikazimika kwa kukosa chaji.

Gemu ile haikuweza kuchezwa kwenye simu. Ilihitaji kompyuta yenye nguvu, nao hawakuwa na kompyuta ya aina yoyote. Mkewe alikaa na jambo hilo siku mbili tatu akishona. Katika kile kiinua mgongo walikuwa wametenga fungu dogo la kununulia cherehani mpya, maana ya zamani ilikuwa ikiruka mishono. Hatimaye aliukata uzi kwa meno akasema, "Cherehani itangoja. Imeruka mishono miaka yote hii na bado haijafa. Wewe nenda kajenge mashine yako."

Mpima alizama katika kusoma. Alisoma asubuhi mkewe akikata vitambaa, akasoma jioni mkewe akipika, mpaka akawajua watengenezaji na vizazi vya prosesa kama mtu anavyojua ukoo wake. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, wasemavyo wenye kazi zao, na yeye aliona kwamba mwenye ubongo bora hawezi kukosa kitu. Kati ya zote aliipenda moja. Ilikuwa na viini vya kupigia hesabu vingi kuliko vidole vya mtu vya mikono na miguu, na walioiandikia makala waliisifu kama bibi harusi. Ilikuwa kipande cha mraba kisichozidi kibiriti, na chini yake vitone vya dhahabu vilijipanga safu kwa safu kama taa za mji uonekanao toka angani. Akifumba macho aliuona mji huo. Alizunguka juu yake akitafuta pa kutua.

Duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa mtaa wa pili. Mwenye duka, mama mmoja mnene aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, aliitwa Mama Waya na wateja wake, naye aliitikia jina hilo bila kinyongo. Nyaya zilining'inia nyuma yake, na juu ya meza feni ndogo ilikuwa ikizungushwa kwa majaribio, ikivuma kama nyuki. Mpima alifika akijisukuma mwenyewe, mkewe akifuata nyuma na mkoba.

Mama Waya hakukimbilia kuuza. Aliuliza gemu gani itachezwa, akauliza kioo kitakuwa cha ukubwa gani, kisha akatoa prosesa tatu akazipanga juu ya kitambaa: ndogo, ya katikati, na ile ya ndotoni.

"Hii ya katikati inakutosha na kusaza," alisema. "Prosesa inapiga hesabu, baba, lakini milima inachorwa na kadi ya picha. Ukilimaliza fungu lako lote kwenye hesabu, nani atakuchorea?"

Mpima hakuitazama ile ya katikati. Alisema polepole, bila ukali, "Mama, mwaka mzima napewa vya katikati. Kitanda kimeshushwa. Rafu zimeshushwa. Hata sauti za watu hushushwa wakizungumza nami. Leo nataka kile cha juu."

Mama Waya alimtupia jicho mke, kana kwamba angeona huko msaada. Mke alikuwa akiitazama feni. Akasema mwenye fungu ni mumewe, na biashara ikafungwa hapo.

Kilichobaki hakikuweza kununua mengi. Walipata kadi ya picha kuukuu iliyotolewa kwenye boksi la vitu vilivyotumika, kijiti kimoja cha kumbukumbu, kioo kidogo, usukani wa gemu uliotumika, ubao wa kuunganishia vifaa, na kasha la bati ambalo lilikuwa na kisanduku cha umeme ndani yake, kile kinacholisha vifaa vyote, chepesi kama kopo tupu. Mama Waya alikipima mkononi, akafungua mdomo, akaufunga. Mpima alikuwa ameipakata prosesa yake mapajani na kutia nta masikioni.

Kesho yake shemeji alifika na bisibisi mfukoni. Alikuwa amewahi kuwasaidia rafiki zake kujenga mashine za gemu, si sana, lakini alijua kipi kiingie kabla ya kipi. Mpima alimshukuru, akamwambia aje kutazama itakapokuwa tayari. Shemeji aliirudisha bisibisi mfukoni, akamjulia hali dada yake, akaondoka chai ikiwa nusu kikombe.

Basi Mpima alifunga mlango wa chumba, akajenga peke yake. Aliilaza prosesa kwenye kiota chake juu ya madabodi, ule ubao mpana unaounganisha vifaa vyote, akiangalia alama ya pembetatu ilingane na mwenziwe, na ilipozama mahali pake bila kusukumwa, moyo ulimtulia kama maji mtungini. Lakini mengine hayakuja kwa ulaini huo. Skrubu moja ilidondoka ikabingirika chini ya kabati. Aliinama kutoka kitini, akapapasa kwa rula ya mkewe, akaikosa, akajaribu tena mpaka kifua kikawaka. Mkewe upande wa pili wa mlango alisikia rula ikikwaruza sakafu. Alisimama, akashika kitasa, kisha akakumbuka alivyoombwa asiingie, akarudi kwenye cherehani yake.

Mashine iliwaka. Feni zilizunguka, kioo kikatoa mwanga, na jioni ya siku iliyofuata gemu ilikuwa imeingia. Mpima aliketi mbele ya usukani wa ndege, akaichagua ile safu ya milima, akashusha pumzi ndefu.

Alichokiona hakikuwa milima. Yalikuwa maboksi ya kijivu yaliyorundikwa, na juu yake mawingu yaliyochanika kama makaratasi. Ndege ilikwenda kidogo ikaganda, ikaruka mbele, ikaganda tena. Alifungua kipimo kinachoonyesha kila kifaa kinafanya kazi kiasi gani. Kadi ya picha ilikuwa ikihema kama punda aliyepakiwa kupita kiasi, kumbukumbu imejaa pomoni, na prosesa yake tukufu yenye viini vyake vyote ilikuwa imekaa kama mfalme asiye na raia, ikipiga miayo. Mpima aliona uchungu. Badala ya kupunguza, aliongeza. Aliiamuru mashine ichore kila jani na kila jiwe, ili prosesa nayo iamke ionyeshe uwezo wake. Iliamka kweli. Feni zililia, kasha likatetema, harufu ya kitu kuungua ikamfika puani, na kioo kikawa giza tupu.

Kisanduku cha umeme kilikuwa kimekata roho.

Hakumwambia mtu. Aliifunika mashine kwa pazia la rangi ya majivu lililokuwa halijatiwa pindo, akarudi dirishani. Usingizi wa mchana ulikuja kama kawaida, lakini ndoto haikuja nao. Alichosikia ni cherehani ya mkewe ikienda, ikikwama, ikiruka mshono, mkewe akifumua na kuanza upya bila kunung'unika. Kila mshono ulioruka ulimchoma kama sindano yenyewe.

Siku kadhaa zilipita hivyo. Mwishowe mkewe alikuja akasimama kando ya lile pazia.

"Imekuwaje mashine?"

"Imepumzika."

"Na wewe je, umepumzika?"

Mkewe alilifunua pazia, akanusa, akaelewa. Hakumlaumu wala hakutaja cherehani. Alilikunja pazia likawa dogo, akaenda jikoni, na kutoka huko akampigia simu ndugu yake.

Shemeji alikuja moja kwa moja kutoka kazini, vumbi la njia bado kwenye nyusi. Alilitazama kasha kwa muda. Kisha hakuvuta kiti, aliketi sakafuni akaegemea ukuta, miguu ameinyoosha, akaanza kuzungumza juu ya jambo jingine kabisa.

"Shemeji, unadhani siku ile nilikubeba mimi?"

"Kila mtu anajua ulinibeba."

"Kila mtu hakuwapo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ukungu ulikuwa mzito, sikuiona hata mikono yangu. Nilikuwa naelekea kushoto. Kule kushoto ni korongoni, unapajua. Wewe ulikuwa umefumba macho, lakini ulikuwa unaninong'oneza sikioni. Nenda kulia. Papasa, kuna jiwe jeupe. Sasa simama, sikiliza maji yako wapi. Njia nzima ulinielekeza. Miguu ilikuwa yangu, shemeji, lakini macho yalikuwa yako. Ningejiongoza peke yangu wangetuokota wote wawili maiti."

Nje mtu alikuwa akiburuta kitu cha chuma barabarani, sauti ikafifia. Mpima aliitafuta siku ile ndani ya kichwa chake. Aliikumbuka sauti, kweli. Alikumbuka mtu akitaja jiwe jeupe na maji, sauti ya mbali, tulivu, kama mtu anayesoma ramani usingizini. Muda wote huo alidhani ilikuwa ndoto ya homa. Hakujua sauti ile ilikuwa yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Kila nikija unaniuliza habari za kazini. Nikizimaliza, unatazama mapazia."

Mpima aliinamisha kichwa. Alipokiinua alimtazama shemeji yake usoni, na safari hii hakugeuka. Alimwomba amsogezee lile kasha karibu, walifungue, waone kipi kimepona.

Kwa rehema ya Mungu prosesa ilikuwa imepona. Waliirudisha dukani, wote watatu. Mama Waya aliipachika kwenye mashine yake ya majaribio, akaitazama ikiamka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema alijua huenda ingerudi, ila hakujua ingerudi inanukia moshi kama mpishi. Mpima alicheka, na mkewe, aliyekuwa hajamsikia akicheka hivyo muda mrefu, alijifanya anachagua nyaya. Ikawa kheri kwamba mteja mwingine, mchora katuni za runinga, alikuwa akiitafuta prosesa ya namna hiyo hiyo, kwa kuwa kazi yake ilihitaji viini vingi na yeye alikuwa na vifaa vya kuendana nayo. Mama Waya aliipokea kwa mabadilishano. Mpima alichukua ile ya katikati, na pamoja nayo kadi ya picha ya kueleweka, vijiti viwili vya kumbukumbu, na kisanduku cha umeme kizito kama tofali. Alikipakata hicho mapajani njia nzima. Njia nzima pia alisukumwa na shemeji yake, wakibishana kama mvua itanyesha.

Kuunda upya kulikuwa na makelele. Mpima alishika mchoro akatoa amri, maana kusoma michoro ndiyo ilikuwa kazi yake. Shemeji alinyanyua, akakaza, akafunga feni kinyume, akaonywa, akaifungua tena huku akidai kwamba feni haina mbele wala nyuma. Zilipofika zile nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia, zinazopachikwa kwenye visindano vidogo kama meno ya kitana, wanaume wote wawili walishindwa, vidole vyao vikawa kama mipini ya majembe. Mke aliwasogeza kando. Alizichukua moja moja kama mtu atungaye uzi sindanoni, akazipachika zote, akauliza kama kuna nyingine.

Mashine ilipowaka, haikuvuma. Ilitoa sauti ndogo kama ya mtu alalaye vizuri. Mpima aliichagua tena ile safu ya milima, na milima ikaja. Ilikuja na vivuli vyake na majani yake, ukungu ukijitenga mabondeni, mto ukijikunja na kuwaka jua lilipougusa. Ndege iliteleza bila kukwama. Prosesa ilipiga hesabu, kadi ikachora, kumbukumbu ikashika, umeme ukalisha wote, wala hapakuwa na aliyelala wala aliyehema. Alipita juu ya mlima uliomwangusha. Shemeji, aliyekuwa ameshika ramani kando yake, aliishusha, kisha mlima ukabaki nyuma yao, mdogo, wa kijani, kama milima mingine.

Ndipo mkewe alipoomba kujaribu. Walimpisha, wakamwonyesha pa kuvuta na pa kusukuma. Hakutaka kwenda juu. Alishuka mpaka karibu na ardhi, akauliza kama hapo ndipo mumewe alipokuwa akikaa majuma mazima, na Mpima akamwonyesha kwa kidole: pale palikuwa kambi, pale walichota maji, na lile tambarare jekundu ndilo walilolipima msimu mzima wa mvua.

Mke alilitazama lile tambarare. Miaka nenda miaka rudi alikuwa amefua udongo ule katika suruali za mumewe, akausuuza, akaumwaga, bila kuona unatoka wapi.

"Ni pazuri," alisema kwa sauti ya chini. "Hukuwahi kuniambia ni pazuri hivi."

Alisahau usukani, ndege ikakwangua vilele vya miti. Shemeji alikamata ukingo wa meza kana kwamba ni yeye atakayeanguka, wakacheka wote watatu mpaka machozi yakawatoka, na ndege ikajikokota angani yenyewe.

Baadaye, kicheko kilipokwisha na nyumba ikatulia, Mpima alihisi joto la chumba. Alimgeukia shemeji yake, akamwomba amsukume nje kidogo wapate hewa. Shemeji aliinuka, akashika vishikio vya kiti, mke akayatenga mapazia wapite, na wote watatu wakatoka nje. Ama kweli, jifya moja haliinjiki chungu.